Jina letu kwenye listi: kutoka kaye ya shefu mpaka alama ya kidole



Mahali popote familia zilizokimbia vita zinapofikia, iwe shuleni, kanisani, kambini ao katika nyumba ya jamaa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: "Jina langu liko kwenye listi?" Mtu anaweza kulala chini bila blanketi akavumilia. Lakini akiambiwa kwamba jina lake halionekani, hapo anashtuka, kwa sababu anajua kwamba unga, mafuta, sabuni na pesa ya simu, vyote vinapitia kwenye listi hiyo.

Mashirika yamebadilisha mara nyingi namna ya kutengeneza listi. Wazazi wetu waliandikwa katika kaye. Baadaye zikaja jeton, halafu kadi, na sasa kuna mashine inayosoma kidole na simu inayopokea pesa. Katika makala hii tufuate safari hiyo tangu mwanzo, maana kila chombo kipya kiliondoa nguvu mikononi mwa watu fulani na kuipeleka kwa wengine. Anayejua historia hiyo hataikataa mashine bure, na hataiamini pia kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Atajua cha kuuliza siku akiombwa kuweka kidole.

Listi za kwanza hazikuwa za msaada

Kwetu Kongo, kuandikwa jina kulianza kama mzigo. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, serkali ilihesabu wanaume wa kila kijiji ili ijue nani atalipa kodi, nani atalima mashamba ya lazima, nani atapelekwa kwenye barabara na migodi. Mwanaume alitembea na kitabu chake cha kitambulisho, na kama alitaka kwenda kukaa mbali na kwao, alihitaji karatasi ya ruhusa. Wazee walijifunza mapema kwamba mgeni akija na kaye, kuna kitu atachukua. Si ajabu kwamba hata leo kuna mzee anayefunga mlango akiona kijana na kalamu anapita nyumba kwa nyumba.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji hao hao waliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kabila: Hutu, Tutsi ao Twa. Neno hilo lilibaki kwenye kadi kwa karibu miaka sitini. Mwaka wa 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi hiyo ilitosha kuamua nani apite na nani auawe. Habari iliyokusanywa ofisini kwa kazi ya utawala ilitumiwa na watu wengine, miaka mingi baadaye, kwa kazi ya kuua. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye mashine.

Serkali yetu yenyewe ilihesabu wananchi wote kwa mara ya mwisho mwaka wa 1984, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Vita vilipoanza Mashariki, hakukuwa na daftari la raia ambalo shirika lingeweza kulifungua na kusema: familia hii ina watu saba, inatoka kijiji hiki. Kwa hiyo kila shirika lilijitengenezea listi yake.

Goma, 1994: listi mikononi mwa wakubwa

Mwezi wa Julai 1994, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma na kandokando yake kwa muda wa siku chache tu. Walijaa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, juu ya mawe ya volkano, bila maji. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Wale kati yetu waliokuwa watoto Goma wakati huo wanakumbuka maiti kandokando ya barabara.

Katika hali hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuandika mtu mmoja mmoja. Mashirika yalichukua njia ya haraka: yaligawa chakula kupitia viongozi wa wakimbizi, ambao walivuka mpaka pamoja na mpangilio wao wa komine na sekta. Kiongozi alitoa idadi ya watu wake, akapokea chakula cha idadi hiyo, kisha akagawa mwenyewe.

Wengi kati ya viongozi hao ndio walioongoza mauaji kwao. Waliongeza idadi, wakauza ziada sokoni, wakalisha askari wao, na mjane asiye na mtu wa kumtetea alibakia na kidogo. Aliyesema anataka kurudi nyumbani alitishwa. Mwezi wa Novemba 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, liliondoka katika kambi hizo, likisema haliwezi kuendelea na kazi inayowapa nguvu wauaji. Viongozi hawakutaka watu wahesabiwe mmoja mmoja, maana walijua hesabu ya kweli itawapunguzia magunia. Hesabu ilifanyika hata hivyo mwanzoni mwa mwaka wa 1995, na ilionyesha watu wachache kuliko wale waliotangazwa.

Ukiuliza kwa nini leo mashirika yanapenda sana alama za vidole, sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Waliona kwa macho yao kwamba anayeshika listi ndiye anayeshika kambi.

Majina yaliyosomwa kwenye redio

Wakati huo huo kulikuwa na listi ya aina nyingine, na hiyo inatugusa sisi watu wa redio. Mwezi wa Agosti 1994, Radio Agatashya ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu. Jina hilo maana yake ni kambayambaya, yule ndege mdogo anayesemwa kuleta habari njema. BBC nayo ilianzisha mwaka huo kipindi cha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Majina ya watoto waliopotea na ya wazazi waliokuwa wanawatafuta yalisomwa hewani. Msalaba Mwekundu, yaani CICR, pamoja na mashirika mengine waliandika makumi ya maelfu ya watoto waliotengana na wazazi, na wakapiga picha ili zionyeshwe katika kambi na vijiji. Watu wa kujitolea walibeba barua fupi kutoka kambi moja mpaka nyingine.

Listi ya namna hiyo ilikuwa na faida moja: ilisikika na wote. Jina likisomwa vibaya, jirani alisema, "Hapana, huyo si wa Gisenyi, ni wa Ruhengeri." Kosa lilionekana na likasahihishwa. Ilikuwa na hatari yake pia, kwa sababu mtoto akitangazwa mahali alipo, hata mtu mbaya anasikia. Ndiyo maana anayedai mtoto lazima aulizwe maswali ambayo ni mzazi tu anayeweza kuyajibu: kovu liko wapi, bibi anaitwa nani, mbwa wa nyumbani alikuwa wa rangi gani. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyekaa chini, mwenye subira, anayejua lugha na anayemtazama mwenzake usoni. Tutaona mbele kwamba hicho ndicho kilichopungua.

Miaka ya jeton

Baada ya hapo vita havikuisha. Kuna vita vya mwaka wa 1998, kulipuka kwa Nyiragongo mwezi wa Januari 2002, mapigano ya Masisi na Rutshuru ya miaka ya 2007 na 2008. Safari hii waliokimbia walikuwa Wakongomani, ndani ya nchi yao. Kambi zikajaa tena Mugunga, Bulengo na Kibati. Na jeton ikawa kitu ambacho mama anakificha ndani ya kitenge pamoja na pesa.

Wote tunajua jinsi ilivyokwenda. Agenti wa shirika anapita mapema asubuhi pamoja na presida wa kambi, wanahesabu mahema, wanatoa jeton yenye namba. Siku ya ugawaji unaonyesha jeton, jina linatafutwa kwenye listi, unapewa sehemu yako. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zikaanza pia foire: familia inapewa kuponi za karatasi na inachagua yenyewe sufuria, nguo ao godoro kwa wafanyabiashara waliokubaliwa. Watu wengi waliipenda njia hiyo, kwa sababu iliwarudishia heshima ya kuchagua.

Uzuri wa jeton ni kwamba ilionekana. Ikipotea, ulijua mlango wa kubisha. Ubaya wake pia ulijulikana na wote. Jeton ilinyeshewa, iliungua pamoja na hema, iliuzwa, iliwekwa rehani dukani. Mtu wa mjini ambaye hakukimbia kitu alionekana kwenye mstari, na presida alikuwa na jeton za majina ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kulikuwa pia na wanawake walioombwa mambo ya aibu ili waandikwe. Tukisema leo kwamba zamani ilikuwa bora, tutakuwa tumewasahau wanawake hao.

Kidole kinaingia

Kwa Wakongomani wengi, mara ya kwanza mashine kuchukua alama za vidole ilikuwa mwaka wa 2005. Tume ya uchaguzi, iliyoongozwa na padri Apollinaire Malumalu, iliandikisha watu karibu milioni 25 kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006. Vifaa vilibebwa kwa ndege, kwa pirogi na kwa vichwa vya watu mpaka vijiji visivyo na umeme. Kadi ya mpiga kura iliyotoka humo ikawa kitambulisho chetu cha kila siku, kwenye barabara, benki na duka la simu. Ilitengenezwa kwa kupiga kura, ikatumika kwa kila kitu. Wengi walioikimbilia mwaka ule walitaka hicho kitambulisho kama walivyotaka kura yenyewe.

Mashirika ya msaada nayo yalikuwa njiani. Mwaka wa 2002, HCR ilianza kupiga picha mboni za macho ya wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa wanarudi kwao kutoka Pakistan, ili mtu asichukue mara mbili pesa ya kurudi. Mwaka wa 2013 ilijaribu mfumo mpya wa vidole na macho katika kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako wakimbizi wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo. Mfumo huo ukapelekwa katika nchi nyingi. PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilijenga wa kwake unaoitwa SCOPE, wenye majina, picha na alama za vidole.

Mfano ulio karibu nasi ni Uganda. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018 ilitokea kashfa kubwa: idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa, na wakubwa wa ofisi ya wakimbizi ya serkali wakasimamishwa kazi. HCR na serkali ya Uganda wakaamua kuhakikisha wakimbizi wote kwa vidole na macho, wakiwemo Wakongomani wa Nakivale, Kyaka na Kyangwali. Idadi iliyokuwa milioni 1.4 ikashuka mpaka kama milioni 1.1. Ni hadithi ile ile ya Goma ya mwaka wa 1995, miaka 23 baadaye.

Kwa hiyo tuseme ukweli. Mashine ilifanya kazi iliyoletwa kufanya. Iliwanyang'anya wakubwa wa kambi silaha yao. Mama ambaye jeton yake iliungua anaweza kuweka kidole na kutambuliwa, bila kumpigia mtu magoti. Hilo si jambo dogo.

Kitu ambacho mashine haikijui

Lakini mashine iliingia katika maisha yetu ikiwa na mawazo yake juu ya mtu na familia. Chukua majina. Kwa ndugu zetu Wanande, mtoto anapewa jina kulingana na namna alivyofuatana na wenzake kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana, Masika, Kavira kwa wasichana. Katika listi moja ya watu wa Lubero utakuta Kambale wengi sana, na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Anayeandika haraka, na asiyejua lugha, anachanganya huyu na yule. Shefu wa kijiji hakuwachanganya hata siku moja.

Chukua familia. Mashine inauliza: mkuu wa nyumba ni nani, na watu ni wangapi? Kwetu mama anakimbia na watoto wake watatu, wawili wa marehemu dada yake, na mtoto wa jirani aliyekutwa njiani. Mume yuko na mke mwingine katika kambi nyingine. Huyo mtoto wa jirani ni wa nani? Akiandikwa hapa halafu mama yake akaonekana na kumwandika kule, mfumo unasema kuna udanganyifu, wakati ni wema tu.

Chukua vidole vyenyewe. Mwanamke aliyeshika jembe miaka arobaini, mwanaume aliyevunja mawe ao kubeba makala, alama zake zimefutika. Mashine inakataa mara moja, mara mbili, na watu nyuma ya mstari wanaanza kunung'unika. Mifumo mingi ina njia ya pili kwa watu kama hao. Shida ni kwamba agenti aliyechoka, mwenye watu mia tano wa kumaliza kabla ya jioni, si kila mara anaikumbuka.

Na ndani ya mashirika yenyewe, kazi ilibadilika. Zamani agenti aliyeandika kaye ndiye aliyeweza kufuta na kurekebisha. Leo agenti anajibu, "Sistemi imekataa." Anasema kweli. Uamuzi umetoka mikononi mwake, umekwenda Goma, Kinshasa, ao mbali zaidi. Presida mwizi aliondolewa, lakini pamoja naye kiti cha mtu wa kulalamikiwa kiliondoka pia. Namba ya simu ya bure iliwekwa badala yake, na asiye na simu hana mahali pa kwenda.

Pesa inapofika kwenye simu

Serkali ilipita njia hiyo hiyo. Mpaka mwaka wa 2011, mishahara ya walimu na watumishi wa serkali ilitoka Kinshasa ikipita mkono kwa mkono, na kila mkono ulibaki na kitu. Mwaka huo ilianza kulipwa kupitia mabenki. Walimu wa mjini walifurahi. Mwalimu wa kijiji kisicho na benki alitembea siku nzima ao zaidi kufuata mshahara wake, na serkali ililazimika kuomba Caritas iwalipe walimu wa sehemu za mbali. Teknolojia ilimfikia haraka aliyekuwa karibu na barabara.

Mwaka wa 2012 M-Pesa ilifika Kongo, na mitandao mingine ya simu ikawa na pesa yake. Mashirika yakaona nafasi: badala ya kupakia magunia kwenye malori, tuma pesa. Familia zinachagua zenyewe, na soko la mahali linapata uhai. Ila ili upate laini unahitaji kitambulisho. Kadi ya mpiga kura iliungua na nyumba Kitshanga, na karatasi ya kushuhudia kwamba imepotea inalipiwa. Kwa hiyo wengi wanatoa namba ya mtu mwingine: shemeji, jirani, mwenye nyumba. Pesa inafika kwa mwenye simu. Mama anategemea moyo wa huyo mtu, kama vile alivyotegemea zamani moyo wa presida. Na akifika kwenye kabini kutoa kashi, kuna asilimia ya kukatwa.

Wizi nao ulijifunza njia mpya. Mwaka wa 2020 ilitangazwa hadharani kwamba shirika la Mercy Corps liligundua udanganyifu katika msaada wake wa haraka huku kwetu Mashariki. Wafanyakazi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa mahali walishirikiana kuongeza idadi ya waliokimbia. Hasara ilipita dola 600,000 kwa miezi michache. Walioandikwa walikuwa na majina, walikuwa kwenye listi, na malipo yalitoka. Kosa lilikuwa nyuma ya listi, katika mtu anayesema nani amekimbia na nani hakukimbia. Hapo hakuna kidole kinachoweza kusaidia.

Habari zetu zinalala wapi?

Kaye ya shefu ilikaa chini ya kitanda chake. Alama zetu za vidole zinakaa kwenye kompyuta katika nchi ambazo hatutaziona. Mambo manne yaliyotokea kwingine yanatuhusu moja kwa moja.

Mwezi wa Februari 2019, PAM ilifanya mapatano ya dola milioni 45 na kampuni ya Marekani inayoitwa Palantir, inayojulikana kwa kazi zake na majeshi na wapelelezi. PAM ilieleza kwamba habari za wanaosaidiwa hazitatolewa. Watetezi wa haki waliuliza kwa nini kampuni ya namna hiyo ikaribishwe karibu na watu wenye njaa.

Mwezi wa Juni 2019, huko Yemen, PAM ilisimamisha sehemu ya msaada katika Sanaa. Ilitaka kuandika watu kwa vidole ili kuzuia wizi wa chakula, na Wahouthi waliotawala mji wakakataa listi hiyo ishikwe na watu wa nje. Wakubwa walibishana juu ya listi, na wenye njaa ndio waliongoja.

Mwezi wa Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba HCR iliandikisha wakimbizi Warohingya nchini Bangladesh, na habari zao zikafika kwa serkali ya Myanmar, serkali ile ile waliyoikimbia, bila wengi wao kuelezwa vizuri. Walidhani wanaandikwa kwa ajili ya msaada.

Na mwezi wa Januari 2022, CICR ilitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia katika kompyuta zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000 duniani: waliopotea, waliofungwa, watoto waliotengana na familia. Ni ile kazi ya kuunganisha familia, iliyofanywa zamani kwa barua na picha. Wezi walipitia mahali ambapo programu ilikuwa haijarekebishwa. CICR ilisema wazi kilichotokea na ikajitahidi kuwajulisha wahusika. Hilo ni la kusifiwa, na mashirika mengine yaige.

Kambi zilipovunjika

Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Mwezi wa Februari, kambi zilizokuwa kandokando ya mji zilivunjwa ao kuachwa, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka kwa muda mfupi sana. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia katika familia za mjini, wengine wakavuka mpaka. Mabenki yalifunga milango, na kupata kashi kwenye simu kukawa na bei.

Ndipo swali la listi liliporudi kwa nguvu. Mtu aliyeandikwa Bulengo, bloku fulani, hema fulani, leo yuko katika kijiji ambacho hakuna shirika. Kidole chake bado ni kile kile, lakini hakuna mashine mbele yake. Na utawala wa mahali ukibadilika, listi inayoonyesha nani alitoka kijiji gani, na wakati gani, inaweza kuwa kitu cha hatari. Tumeona kadi ya miaka ya 1930 ilifanya nini mwaka wa 1994. Yeyote anayekusanya habari hizi Kivu lazima afikiri juu ya mtu atakayeziona kesho, hata kama leo nia yake ni njema.

Cha kuuliza kabla ya kuweka kidole

Sheria ipo. Kanuni ya Kongo juu ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga zao mbele ya sheria za nchi, lakini yamejiwekea masharti yao wenyewe: HCR mwaka wa 2015, PAM mwaka wa 2016. Masharti hayo yanasema mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kwamba anaweza kuomba kuona na kusahihisha habari zake. Kuuliza kwako si ukaidi. Unadai kile ambacho wao wenyewe waliandika.

Kwa hiyo, ndugu, siku ya kuandikwa, uliza haya:

Shirika hili linaitwa nani, na habari zangu zinakusanywa kwa kazi gani?

Nani mwingine ataziona? Serkali? Kampuni ya simu? Shirika lingine?

Kama kidole changu kikikataliwa, nifanye nini, na nani atanisaidia leo hii?

Kama jina limekosewa, ao mtoto amezaliwa, ao mtu amekufa, nakwenda kwa nani? Mwambie akutajie mtu na siku, isiwe namba ya simu tu.

Kama sina simu, ao sitaki kutumia namba ya mtu mwingine, kuna njia gani?

Na kwa ndugu wanaofanya kazi katika mashirika, wengi wenu ni watoto wa hapa na mnajua kila kilichoelezwa hapa: wekeni meza ya malalamiko penye watu, mtu mwenye kuijua lugha akae hapo, na apewe uwezo wa kurekebisha kosa. Waiteni wanawake, wamama wa familia zinazopokea, wazee wa nyumbakumi, wasikilize majina yakisomwa kabla listi haijafungwa, bila kusoma habari za siri za mtu. Mashine isome kidole, na jirani aseme kama huyo kweli alikimbia. Kila mmoja akifanya kazi anayoijua, presida mwizi hatapata nafasi ya kurudi, na mama ambaye vidole vyake vimeliwa na jembe hatarudi nyumbani mikono mitupu.

Kama una swali juu ya kuandikwa kwako, lileteni kwenye kipindi. Tutalipeleka kwa wanaohusika, na jibu watakalotoa tutalisoma hewani kama lilivyo.